Aliyeifungua Folda ya Bibi

Kashai, usiku wa kuamkia safari yako

Koku mwanangu,

Mama yako amekwisha kukufundisha kufua shuka, kupika maharage bila kuunguza sufuria ya watu, na kutompa namba ya simu kila anayejifanya mwenyeji wa Dodoma. Najua pia amekuwekea kopo la senene wa kukaanga chini kabisa ya begi, akidhani sikuona. Kwa hiyo mimi maagizo sina. Yote yameshasemwa, na mengine yamesemwa mara nyingi mpaka nimekuona ukifumba macho.

Utashangaa kuona naandika kwa mkono. Mtu aliyekula na kusomesha kwa kuchapa barua za wengine, anaandika yake kwa kalamu ya wino, mwandiko wenyewe kama kuku kapita kwenye unga. Nilianza kuichapa pale dukani mchana. Nikaandika mstari mmoja, akaja mteja wa fotokopi, nikaufuta upesi asiusome. Nikajiona ninavyofanya, nikafunga mashine. Nimekuja kukaa hapa mezani, mama yako amelala, na wewe chumbani kwako nadhani unajifanya umelala.

Jambo langu ni moja, na naliandika sasa hivi kabla sijapata njia ya kulizunguka. Ile folda ya bibi yako niliifungua mimi. Hukuiacha wazi. Hukusahau chochote. Bibi alikuita mtoto asiyeaminika mbele ya watu kwa kosa nililolifanya mimi, nami nilikuwa nimekaa palepale, nikasikia, nikanyamaza.

Ukitaka kuikunja barua hapa, ikunje. Ungekuwa na haki. Lakini nakuomba uendelee, kwa sababu nataka uyajue yote kama yalivyokuwa, na si kama nilivyokuacha uyadhani.

Unakumbuka siku uliponiuliza? Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, umerudi kutoka Muleba kwa bibi ulikokaa likizo nzima, umenenepa kwa ndizi na maziwa. Ulikuja dukani saa za jua kali wakati hakuna wateja, ukasimama nyuma ya kiti changu. Ukaniuliza, "Baba, mtu akitaka kuweka kitu kwenye kompyuta, asikione mtu mwingine yeyote, anafanyaje?"

Nilifurahi, Koku. Baba anayemiliki steshenari ndogo hapa Kashai haulizwi maswali mengi na binti aliyesoma. Nikakuonyesha kwanza namna ya kuificha folda, unaiweka alama kwenye sifa zake, inapotea machoni. Wewe ukaitazama, ukaniambia, "Lakini wewe ukitaka utaiona." Nikacheka. Nikakwambia ndiyo, kuficha si kufunga, anayejua pa kubonyeza ataiona tu. Ndipo nikakufundisha kubana mafaili kwa programu na kuweka pasiwedi. Nilikueleza kwa majigambo kabisa. Nilisema, "Hii hata mimi siwezi kuifungua." Ukaniuliza mara mbili, "Hata wewe?" Nikasema hata mimi, nawe ukaifunga folda yako palepale kwenye mashine ya duka.

Sasa nikuambie ukweli kuhusu jioni ile. Nilipokuwa nafunga duka, maneno yangu mwenyewe yalianza kuniwasha. Ndani ya mashine yangu, niliyoinunua kwa kuuza kahawa ya baba yangu, kulikuwa na chumba nisichoweza kuingia. Tena cha mtoto wangu. Nilijiambia ni hofu. Nilijiambia huenda kuna kijana anamdanganya, huenda kuna picha, tumewaona mabinti wa watu hapa mtaani walivyoharibiwa jina kwa picha. Hofu hiyo ilikuwepo, siwezi kuikana. Lakini kubwa zaidi ilikuwa kero tu ya mwenye nyumba aliyekuta mlango umefungwa. Hofu niliitafuta baadaye ili niwe na kisingizio.

Kilichonitia aibu mpaka leo ni kwamba nililijua jambo hili tangu utotoni. Nilipokuwa sekondari, msichana mmoja wa shule ya jirani aliniandikia barua. Baba yangu aliikuta kwenye godoro, akawasomea wageni waliokuwa wanakunywa pombe ya lubisi uani, huku akiigiza sauti ya msichana. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilijificha kwenye migomba hadi giza likaingia, nikaapa kwamba nikipata mtoto sitagusa kitu chake. Niliapa hivyo nikiwa nalia kabisa. Na wewe ulipokuja na kitu chako, nikakigusa.

Nilikaa mbele ya kile kisanduku cha pasiwedi nikaanza kubahatisha. Nilijaribu jina lako. Nikajaribu tarehe yako ya kuzaliwa, na jina la shule yako. Ikakataa. Halafu nikakumbuka kwamba ulitoka kwa bibi, na kwamba siku hizo kila ukizungumza kwenye simu ulikuwa unatoka nje na kusema naye kwa Kihaya cha chinichini. Nikafikiri, labda neno amechagua mama. Basi, utacheka, nikaandika jina langu. Nilikuwa na hakika kabisa. Mimi ndiye kifungua mimba wake, mimi ndiye ninayempelekea dawa za presha, atachagua nani mwingine? Ikakataa. Nikajaribu jina la baba yako mdogo, kwa uchungu kidogo. Ikakataa. Nikajaribu la marehemu baba. Ikakataa.

Nilikuwa nakaribia kuacha. Sijui nini kilinifanya niandike Kemilembe.

Folda ikafunguka.

Hilo jina wewe ulilijua kutoka kwa bibi. Mimi nalijua kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa mtoto mdogo mama alipokwenda kwao Kagondo na mtoto mchanga mgongoni, kumtembelea mama yake aliyekuwa mgonjwa. Aliporudi Muleba, mgongoni hapakuwa na mtu. Nikamuuliza, "Kemilembe yuko wapi?" Baba akanishika mkono kwa nguvu akanitoa nje, akaniambia jina lile lisisikike tena katika nyumba ile. Homa ilimkuta mtoto kulekule, wakamzika kwao mama kwenye kibanja, shamba la nyumbani, pembeni ya migomba ya bibi mzaa mama. Nyumbani kwetu hatukulitaja tena. Nilikua, nikaoa, nikakuzaa wewe, na sikumbuki kama niliwahi kumsikia mama akilitamka.

Mtu mwenye akili, Koku, angeishia hapo. Angeliona jina lile limefungua mlango, angeufunga mlango na kwenda zake, akijua kwamba ameingia pasipo pake. Mimi niliona tu kwamba nimeshinda. Nikapandisha sauti kidogo, nikabonyeza.

Ilikuwa sauti ya mama. Mwanzoni mnacheka, wewe unamwambia asogee karibu na simu, yeye anauliza kama hiyo simu inaelewa Kihaya. Halafu anaanza. Anataja jina lake, la baba yake na la ukoo wake, kama mtu aliye mbele ya baraza. Anasema yuko timamu. Kisha anasema, mimi nikifa sitaki kuzikwa Muleba kwenye kibanja cha mume wangu, nirudisheni Kagondo.

Nikazima.

Nataka uelewe kilichonipanda kichwani, si ili unisamehe, ni ili ujue. Wewe umekulia mjini, lakini unajua kwetu. Mwanamke aliyeolewa akazaa wana, kaburi lake liko kwenye kibanja cha mumewe, linatunzwa na wanawe, wajukuu wanapita wanaliona. Mwanamke akirudishwa kwao kuzikwa, watu husema alifukuzwa, au alikuwa na neno na mumewe mpaka kaburini. Nilisikia watu wakisema. Niliwasikia wazee wa ukoo wakiniuliza mimi, mtoto wa kwanza, mama yako tulimkosea nini. Nikaona mama amemkana baba yangu, na amekukabidhi wewe, binti mdogo, badala ya kunikabidhi mimi. Sikusikiliza zaidi ya hapo. Yaliyokuwa mbele ya pale nilipozima, sikuyasikia.

Na kwa haraka ile nikaacha kosa jingine ambalo kila siku nawakemea wateja wangu. Ukifungua folda ya pasiwedi na kutoa faili, ile nakala iliyotoka inabaki nje, wazi, haina pasiwedi yoyote. Niliiona baada ya siku kadhaa, sauti ya mama yangu imekaa kwenye mashine ya duka ambako watu wanakuja kuchapisha wasifu wao. Nikaihamishia kwenye flashi yangu, nikaitupa flashi kwenye droo. Sikuifuta. Sijui kwa nini sikuifuta, ila leo nashukuru.

Krismasi ikafika, tukaenda wote Muleba. Hapo unajua mwenyewe, lakini acha niandike ninavyokumbuka mimi, kwa sababu nadhani hukunitazama usoni siku ile.

Tulikuwa uani, bibi na wewe mnamenya ndizi, baba yako mdogo anaeleza habari ya kulijengea kaburi la mzee kwa saruji na vigae. Akasema tutajenga moja kwa moja na nafasi ya mama pembeni, ili siku ikifika tusihangaike. Aliisema kwa upendo, unamjua alivyo. Na mimi, nikiwa nimelibeba neno lile moyoni tangu kuisha kwa likizo yako, nikashindwa kulimeza. Nikasema, tena kwa utani wa kuchoma, "Ungemuuliza mwenyewe kwanza. Huenda moyo wake uko Kagondo."

Bibi aliacha kumenya. Hakunitazama mimi. Alikutazama wewe.

"Koku, waitu, wa kwetu," alisema. Akaweka kisu chini, akasema, "Nilikupa maneno yangu ya mwisho, ukaenda kuyamwaga sokoni."

Ukasema, "Bibi, sikusema. Naapa sikusema kwa mtu."

"Basi aliyesema ni nani? Mimi? Tulikuwa wawili mle chumbani."

Baba yako mdogo akauliza maneno gani, Kagondo kuna nini. Mama yako akanitazama mimi, maana yeye ana macho, na mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nimerudia sana kuifikiria ile kamba. Haikuwa imefunguka.

Nilikuwa na nafasi pale. Maneno yenyewe ni mafupi, "Mama, si mtoto, ni mimi." Yalinijaa mdomoni. Nikafikiri nikiyasema, mama atajua nimeingia kwenye siri yake kama mwizi, mdogo wangu atanidharau, na wewe utajua kwamba baba aliyekwambia "hata mimi" alikuwa anadanganya. Nikapiga hesabu nikaona wewe ni mtoto, mtoto akigombezwa husahau, bibi na mjukuu hupatana kabla ndizi hazijaiva. Nilikuachia wewe mzigo kwa sababu nilidhani mabegani kwako utakuwa mwepesi. Naona aibu hata kuliandika.

Halafu njiani tukirudi Bukoba. Mama yako alikaa mbele, sisi nyuma. Ulikuwa umelia mpaka macho yamevimba. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, inawezekana nilisahau kuifunga vizuri? Pale dukani, inawezekana mteja aliisikia?"

Nami nikasema, "Labda."

Neno hilo, Koku, ndilo baya kuliko yote. Kufungua folda ni udadisi, na kule uani ulikuwa woga. Lakini pale kwenye gari hapakuwa na mtu wa kumwogopa. Ulikuwa wewe peke yako, umekuja kwangu kwa sababu mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyekufundisha, na neno langu kuhusu kompyuta ulikuwa unalipokea bila kulipima. Uliniuliza kama umekosa. Nikakuambia labda umekosa.

Kesho yake ulikuja dukani, ukakaa kwenye mashine, ukaifuta folda. Nilikuona. Ukaniomba nikuonyeshe namna ya kuifuta kabisa isirudi, pale na kwenye simu yako, nikakuonyesha.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama nilichokifanya kikikua. Hukwenda tena Muleba kulala. Tukienda wote, unamsalimia bibi kwa magoti, anaitikia, basi. Mashangazi zako wakianza habari wananyamaza ukiingia. Kwaya ya vijana pale usharikani walikuchagua katibu, ukakataa, ukasema wewe hufai kuwekewa mambo ya watu. Mchungaji akaniuliza kama unaumwa.

Na siku ile ya kuchagua masomo ya chuo. Tangu ukiwa darasa la sita ulikuwa unasema utasoma ustawi wa jamii, ukae na watu wenye shida uwasikilize. Ulikuwa unawaita hata paka uwasikilize. Halafu ukaja mezani na fomu, umejaza upimaji wa ardhi. Mama yako akauliza imekuwaje. Ukasema, "Ardhi haimwambii mtu siri zake." Mama yako akacheka, akadhani ni utani wako. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia tanki la maji.

Sisemi upimaji ni mbaya. Ukiupenda, upime mpaka Ngara. Lakini kama uliuchagua kwa sababu ya lile "labda" langu, basi ujue ulichagua kwa taarifa ya uongo, na kwamba aliyekupa taarifa hiyo ni baba yako.

Sasa nikuambie kwa nini nasema leo na si mwaka jana. Natamani niseme ni dhamiri. Ukweli ni kwamba juzi nilikuwa natayarisha ile laptopu yako, natafuta vyeti vyako nilivyowahi kuviskani, nikachokonoa droo na kuibuka na ile flashi. Nikaichomeka. Nikaikuta sauti ya mama. Nikavaa spika za masikioni, nikabonyeza, na safari hii sikuzima.

Unajua anachosema. Wewe ulikuwepo, umeshika simu. Lakini mimi nilikuwa nakisikia kwa mara ya kwanza. Anasema, "Mutalemwa atakasirika. Mwambieni sikumkimbia baba yake. Nimekaa naye vizuri, na nimemzika vizuri. Ila yeye ana wazazi wake na ndugu zake pale kibanjani, hayuko peke yake. Kagondo nina mtoto analala peke yake tangu ujana wangu. Sikuruhusiwa kumlilia. Nikifa, nataka nikalale naye."

Halafu sauti yako inasema, "Bibi, nizime?" Naye anasema, "Zima, mwanangu. Haya ni yako mpaka siku yenyewe."

Kulikuwa na kijana mbele yangu anasubiri kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Akaniambia, "Mzee, printa imekwama?" Nikasema ndiyo, imekwama, rudi baadaye. Nikashusha mlango wa duka mchana kweupe. Nililia, Koku. Nimelia kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya dada yangu ambaye niliandika jina lake kwa vidole vyangu, likanifungulia mlango, na bado sikuelewa linaniambia nini.

Nikalia zaidi baada ya kuelewa jambo la pili. Siku ile uani, wakati bibi anakusema, ulikuwa unajua yote haya. Baba yako mdogo aliuliza Kagondo kuna nini. Ungetamka jina moja tu, ukasema ni la nani, kila mtu angeelewa, hata mimi ningeelewa, na hakuna ambaye angemfikiria bibi vibaya. Tena ungeweza kulisema baadaye, kwa mama yako, kwangu, kwa yeyote, ili ujitetee. Umeitwa mwenye mdomo mwepesi muda wote huu, na muda wote huu umeifunga siri yenyewe mdomoni hukuitoa. Nilikaa nyumba moja na wewe nisijue.

Laptopu iko ndani ya begi jeusi. Sikuweka akaunti yangu ndani yake. Ukiiwasha itakuuliza uweke pasiwedi yako, na mimi siijui wala sitaki kuijua. Ushauri wangu kama fundi ni mmoja, usitumie jina la mtu unayempenda. Wageni hawatalibahatisha. Sisi wa nyumbani ndio tutakaolijaribu. Kama baba sina ushauri, ila nakwambia tu kwamba chumba chako mle ndani ni chako hata kama hakina kitu cha maana, hata kama ni picha za wewe na marafiki zako mkiwa mmetoa ndimi. Huhitaji kuwa na sababu nzuri ndipo ufunge mlango. Mimi nilidhani mtu anafunga kwa sababu ana kosa. Katika mlango ule aliyekuwa na kosa ni mimi niliyekuwa nje.

Ile flashi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ndiyo nakala pekee iliyobaki. Sikuiga, sikuhamisha. Najua neno langu kwenye mambo haya halina uzito tena kwako, lakini ndivyo ilivyo.

Nilijaribu kumpigia bibi simu ili niyamalize kwanza kabla yako. Akapokea, akaniuliza bei ya kahawa mjini. Tukaongea habari ya kahawa mpaka salio likaisha. Ndivyo nilivyo. Kwa hiyo nimepanga kwa namna ambayo siwezi kukwepa.

Kesho asubuhi utaona nimepanda na mimi basi. Nimekata tiketi mpaka Muleba, kiti cha pembeni yako. Nitakupa barua hii tukishatoka stendi ya Bukoba, na wakati unasoma nitakuwa nimekaa hapo, natazama nje. Usijisikie kulazimika kuniambia chochote. Ukitaka kuhamia kiti kingine, nitamwomba kondakta akusaidie.

Bibi atakuwa stendi ya Muleba. Nilipompigia tena nilimwambia nakuja kwa mazungumzo ya kaburi, akasema atanifuata barabarani. Nilipomwambia kwamba na wewe utakuwemo ndani ya basi hilo, aliniuliza tu kama nitakumbuka kumletea sukari. Usimchukie kwa hilo. Anaamini mjukuu wake alimuuza, na anaamini hivyo kwa sababu nilimwacha aamini.

Nitashuka wa kwanza. Nitamwambia nikiwa nimesimama chini ya dirisha lako, kwa Kihaya, mbele ya wauza ndizi na bodaboda wote, kwa sauti ambayo na wewe utaisikia: mtoto hakusema neno, aliyeiba ni mimi. Baada ya hapo nitakwenda kwa baba yako mdogo, nimwambie ile nafasi pembeni ya kaburi la mzee aisimamishe kwanza, na mwenye kueleza sababu ni mama mwenyewe, akipenda.

Basi halikai sana pale. Usiposhuka, sitakulaumu, na nitahakikisha bibi naye hakulaumu. Lakini ukishuka, usipoteze muda kwangu. Nenda kwake na flashi yako mkononi, umuulize kama bado anataka maneno yake yakae kwako mpaka siku yenyewe. Mimi namjua mama yangu. Atasema ndiyo, kwa sababu hana mtu mwingine katika familia yetu anayeweza kuyatunza.

Baba yako,
Mutalemwa